Jeni ya Kilifi, ICAM-1 na malaria ya ubongo: jibu kwa mwalimu wa Malindi

Mwalimu mmoja wa shule ya upili huko Malindi ameniandikia kwamba mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka 4 alishikwa na malaria ya ubongo wakati wa mvua za masika, akakaa siku 2 bila fahamu, kisha akaamka. Nyumbani wazee walisema ni degedege. Baadaye mwalimu akasoma mahali kwamba watu wa Pwani ya Kenya wana jeni inayoitwa ya Kilifi, inayohusu protini iitwayo ICAM-1, na kwamba jeni hiyo huwaweka watoto katika hatari ya malaria ya ubongo. Anauliza kama habari hiyo ni ya kweli, kwa nini protini yetu wenyewe imsaidie adui, kama hakuna dawa ya kuizuia, na kama ampeleke binti yake mdogo apimwe. Mwishoni ameongeza sentensi moja kuhusu kijana wake, ambayo nimeiweka akiba hadi mwisho wa jibu.

Mwalimu, pole sana kwa yaliyowafika, na tunamshukuru Mungu kwamba kijana aliamka. La haraka nakujibu kwanza: hakuna haja ya kumpima binti yako jeni hiyo. Sababu zake zitajitokeza polepole, kwa kuwa huwezi kuipima habari ya jeni ya Kilifi kabla ya kujua protini yenyewe hufanya kazi gani katika mwili wa mtu mwenye afya.

ICAM-1 ni mojawapo ya protini za kunatisha seli, yaani zile zinazokaa juu ya ngozi ya seli na kuiwezesha seli moja kuishika nyingine. Ilitambuliwa mwaka 1986 na Robert Rothlein, Timothy Springer na wenzao nchini Marekani, na jeni yake iko kwenye kromosomu ya 19. Ukiichora, inafanana na uzi wenye shanga tano uliosimama wima: mwisho mmoja umezama ndani ya seli, na shanga ya juu kabisa imetokeza nje, ikingoja kushikwa. Huonekana kwenye seli za aina nyingi, lakini mahali panapotuhusu leo ni kwenye zile seli bapa zinazotandaza ukuta wa ndani wa mishipa ya damu. Mtu akiwa mzima, ukuta huo huwa na ICAM-1 kidogo tu. Akipatwa na maambukizi, chembe za kinga humwaga sitokini, yaani protini za kupashana habari, kama vile TNF, interleukini-1 na interferoni gama, na katika muda wa saa chache ukuta wa mshipa hujaa ICAM-1.

Kazi yake unaweza kuiona kwa macho maabarani. Unachukua mfereji mwembamba wa kioo, unaotesha ndani yake seli za ukuta wa mshipa, unaziamsha kwa TNF, kisha unapitisha chembe nyeupe za damu kwa kasi inayokaribia ile ya mshipa mdogo. Chini ya hadubini utaona chembe zinabingirika juu ya ukuta kama mpira unaopunguza mwendo, zikishikwa na kuachiliwa na protini nyingine ziitwazo selektini. Kisha moja husimama ghafla. Hapo imejishikiza: protini yake iitwayo LFA-1 imefumbata shanga ya juu ya ICAM-1, na mkondo hauwezi tena kuing'oa. Chembe hujilaza, hutafuta upenyo kati ya seli mbili, hujibana, na baada ya dakika chache imetoka nje ya mshipa kwenda kwenye nyama iliyoambukizwa. Nimelitazama tukio hilo mara nyingi sana na bado sijalizoea.

Kwamba mshikamano huu ni wa lazima tunaujua kutokana na watoto wachache mno waliozaliwa bila uwezo huo. Kuna ugonjwa adimu wa kurithi ambao jeni ya nusu moja ya LFA-1, ile inayoitwa CD18, huwa imeharibika. Kitovu cha mtoto huchelewa kudondoka, damu yake hujaa chembe nyeupe kupita kiasi, lakini vidonda vyake havitungi usaha, kwa sababu askari wamo barabarani na hawawezi kushuka penye vita. Asipopandikizwa uboho, mtoto mwenye aina kali ya ugonjwa huo kwa kawaida hafiki mbali. Naomba ulikumbuke hili tutakapofika kwenye swali lako la dawa.

Sasa tuje kwenye kimelea. Malaria ya falsiparamu hutofautiana na malaria za aina nyingine kwa jambo moja kubwa: seli nyekundu iliyoambukizwa haiendelei kuzunguka na damu hadi mwisho. Kimelea huhitaji takriban saa 48 kukua na kuzaana ndani ya seli hiyo. Nusu ya kwanza, kikiwa bado na umbo la pete changa, huzunguka pamoja na damu, na hicho ndicho anachokiona fundi wa maabara kwenye kioo chake. Nusu ya pili hutoweka. Kimekwenda kujificha kwenye mishipa midogo, kwa kuwa seli nyekundu iliyobeba kimelea kilichokomaa imekuwa ngumu, na wengu ungeinasa na kuiharibu kama ingepita huko. Ili isipite, kimelea huisukumia hadi juu ya ngozi ya seli protini yake iitwayo PfEMP1, na ngozi hiyo ikitazamwa kwa hadubini ya elektroni huonekana imejaa vinundu vidogo vidogo, ambavyo ndivyo vinavyoibeba. Kila kimelea kina jeni kama 60 za kutengeneza protini hiyo, na kwa kawaida hutumia moja kwa wakati mmoja. Kingamwili za mtoto zikiizoea moja, kizazi kingine hujitokeza kikiwa kimevaa nyingine.

PfEMP1 haina mahali pake maalumu pa kushika. Hushika tulichonacho. Aina fulani hushika protini iitwayo CD36, aina nyingine hushika sukari za kondo la nyuma, na ndiyo maana mama mwenye mimba ya kwanza huugua malaria hata kama utotoni alishajenga kinga. Mwaka 1989 Anthony Berendt na wenzake, akiwemo mtafiti Kevin Marsh ambaye jina lake linajulikana sana Kilifi, walionyesha kwamba aina nyingine hushika ICAM-1. Mwaka huohuo watafiti wengine waligundua kwamba virusi vingi vya mafua ya kawaida navyo huingia kwenye seli za pua kwa kuishika ICAM-1 hiyohiyo. Kwa hiyo, Mwalimu, unapouliza kwa nini protini yetu imsaidie adui, jibu ni kwamba haimsaidii kwa hiari. Imewekwa mahali pa wazi ishikwe na chembe nyeupe, na kitu kilichowekwa pa wazi kwa ajili ya rafiki, adui naye hujifunza kukishika. Kimelea kimeishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, kikipata nafasi ya kujaribu umbo baada ya umbo.

Katika ubongo, mambo huwa mabaya kwa namna inayoeleweka. Seli zilizoambukizwa hunata kwenye kapilari, yaani mishipa myembamba kabisa, damu hupita kwa shida, vimelea hupasua seli na kumwaga uchafu wao, kinga hutoa TNF, nayo TNF huongeza ICAM-1 kwenye ukuta uleule, na hivyo nafasi za kunata huongezeka. Uchunguzi wa maiti za watu wazima waliofariki kwa malaria huko Asia ya Kusini-Mashariki, uliochapishwa mwaka 1994, ulikuta ICAM-1 ikiwa imeongezeka kwenye mishipa ya ubongo, na pale ilipokuwepo ndipo mara nyingi palipokuwa na seli zilizonata. Miaka ya karibuni picha imepanuka. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vimelea vya malaria kali, vikiwemo vilivyotoka kwa watoto wa Tanzania, hushika protini nyingine ya ukuta wa mshipa iitwayo EPCR, ambayo kazi yake ni kuzuia damu isigande ovyo na ukuta usivuje. Mwaka 2017 ikaonekana kwamba kuna kundi la PfEMP1 lenye uwezo wa kushika EPCR na ICAM-1 kwa pamoja, na kundi hilo lilihusishwa hasa na malaria ya ubongo. Huko Blantyre, Malawi, picha za MRI za watoto zilizochapishwa mwaka 2015 zilionyesha kwamba wengi wa waliofariki ubongo wao ulikuwa umevimba vikali, wakati uvimbe huo haukuonekana kwa kiwango hicho kwa waliopona, au ulipungua haraka. Kunata kwa seli ndiko kunakoanzisha msiba, ila kinachomwondoa mtoto duniani mara nyingi ni uvimbe unaofuata.

Hapo ndipo inapoingia habari uliyoisoma. Mwaka 1997 timu ya watafiti wa Oxford na Kilifi ilichapisha kwamba imekuta badiliko moja dogo katika jeni ya ICAM-1: katika nafasi ya 29, asidi amino iitwayo laisini imekuwa methionini. Badiliko hilo liko kwenye ile shanga ya juu kabisa, panaposhikwa na LFA-1, na virusi vya mafua, na PfEMP1. Lilikuwa la kawaida sana kwa Waafrika na halikuonekana katika sampuli za Wazungu, na likapewa jina la mahali lilipotambuliwa. Jina hilo limezaa dhana potofu: wengi hudhani ni jambo la Wagiriama au la watu wa Pwani, wakati lipo pia Afrika Magharibi na sehemu nyingine za bara. Katika utafiti huo wa kwanza, watoto waliorithi nakala mbili za badiliko hilo walionekana kuwa na hatari iliyozidi ya kupata malaria ya ubongo, kwa kadiri ya mara 2.

Matokeo hayo yalikuwa ya kushangaza tangu siku ya kwanza. Watu walitarajia kinyume, kwamba badiliko linalopatikana kwa wingi hivyo kwenye nchi ya malaria litakuwa linakinga, kama lilivyo la selimundu. Majaribio ya maabara hayakuleta nafuu ya kifikra: vimelea fulani vilionekana kushindwa kunata vizuri kwenye ICAM-1 ya Kilifi, vingine vilinata bila shida, na LFA-1 yenyewe iliishika kwa udhaifu kidogo. Watafiti waliorudia swali Gambia mwaka 1998 hawakuona uhusiano wowote. Gabon, mwaka 1999, badiliko lilionekana kana kwamba linakinga. Mwaka 2005, Kilifi kwenyewe, lilihusishwa na kupungua kwa homa zisizo za malaria, jambo ambalo huenda ndilo lililolifanya liendelee kurithiwa. Kisha mwaka 2008 ukaja uchambuzi mkubwa zaidi uliokusanya watoto wa Gambia, Malawi na Kenya, na hitimisho lake lilikuwa la wazi kwamba tofauti za jeni ya ICAM-1 hazihusiani na malaria kali. Mwaka 2014 mtandao wa watafiti uitwao MalariaGEN ulipima upya jeni zilizowahi kutajwa, kwa watu 11,890 wenye malaria kali na 17,441 wa kulinganisha nao kutoka nchi mbalimbali. Zilizosimama imara ni chache, zikiwemo za hemoglobini na za kundi la damu la ABO. ICAM-1 haikuwamo.

Sitaki uchukue hayo kuwa aibu kwa waliochapisha mwaka 1997. Walikuwa na sampuli za kadiri ya zama zao, walieleza walichokiona, na wenzao wa kituo cha utafiti cha Kilifi walishiriki katika kulirekebisha. Tena kuna ugumu ambao mtu wa nje haufikirii: katika Afrika mtoto anaweza kuwa na vimelea kwenye damu huku kilichompotezea fahamu ni kitu kingine. Huko Blantyre, maiti za watoto 31 waliotambuliwa kuwa na malaria ya ubongo zilipochunguzwa, 7 zilikutwa na sababu nyingine ya kifo. Waliotenganishwa vizuri zaidi ni wale waliochunguliwa macho kabla ya kufariki, kwa kuwa malaria ya ubongo huacha alama kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho: mabaka meupe, mishipa iliyopauka au kugeuka rangi ya chungwa, na matone ya damu yenye kitovu cheupe. Kapilari za retina ni ndugu wa zile za ubongo, na ni mahali pekee unapoweza kuona seli zilizonata ndani ya mtu aliye hai kwa kutumia kifaa cha mkononi tu. Utafiti wa jeni unaochanganya watoto wa makundi haya mawili hupotosha hesabu kwa urahisi.

Kinachokukera, na mimi kinanikera, ni kwamba habari ya 1997 imeendelea kutembea peke yake bila zile zilizoifuata. Mzazi anasoma mstari mmoja na kuanza kuitazama damu ya nyumba yake kwa wasiwasi. Binti yako akiwa nayo, na inawezekana kabisa anayo kwa jinsi ilivyoenea, hakuna daktari atakayebadilisha tiba yake kwa sababu hiyo. Kama unataka kipimo cha kurithi chenye faida, mpime selimundu. Mwenye nakala moja tu ya selimundu hukingwa vikubwa dhidi ya malaria kali, na sehemu ya kinga hiyo inarudi kwenye somo letu: seli yake ikiambukizwa, PfEMP1 haifiki juu ya ngozi ya seli kwa wingi wala kwa mpangilio mzuri, hivyo hunata kwa udhaifu. Lakini akirithi nakala mbili ana ugonjwa wa selimundu unaohitaji kliniki tangu uchanga, na hilo ndilo jambo ambalo mzazi hufaidika kulijua mapema.

Kuhusu dawa ya kuifunika ICAM-1, wazo lako ni zuri na wengine wamelijaribu katika magonjwa mengine. Kingamwili ya panya iitwayo enlimomabu, iliyotengenezwa kuifunika ICAM-1, ilipewa wagonjwa wa kiharusi ili kuzuia chembe nyeupe zisiongeze madhara kwenye ubongo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba waliopewa dawa walikuwa na hali mbaya zaidi, na vifo vingi zaidi, kuliko waliopewa maji matupu ya sindano. Dawa nyingine, efalizumabu, ilishika upande wa pili, yaani LFA-1, kwa wagonjwa wa soriasisi, ugonjwa wa ngozi. Iliondolewa sokoni mwaka 2009 baada ya baadhi yao kupata maambukizi ya virusi kwenye ubongo yanayoua. Iliyofanikiwa ni ile inayobaki mahali padogo: lifitegrasti, matone ya macho makavu yaliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016. Katika malaria yenyewe, Gambia walijaribu kuizima TNF kwa kingamwili, ambayo kwa nadharia ingepunguza pia ICAM-1. Taarifa ya mwaka 1996 ilisema homa ilishuka, vifo havikupungua, na watoto waliobaki na kasoro za neva waliongezeka. Ukiwakumbuka wale watoto ambao vitovu vyao huchelewa kudondoka, hutashangaa. Mategemeo ya sasa yameelekezwa upande wa kimelea, kutafuta kingamwili zinazoshika PfEMP1 na kuacha protini zetu zifanye kazi yake.

Hata hivyo dawa ya kuzuia kunata tayari ipo, ingawa hatuiiti hivyo. Atesuneti ya sindano huua pete changa, zile ambazo bado zinazunguka na hazijanata, wakati kwinini hufanya kazi zaidi kwa vimelea vilivyokwisha kukomaa na kujishikiza. Kila pete inayokufa leo ni seli moja isiyonata kesho kwenye ubongo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010, lililowahusisha watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Kongo, waliofariki kwa kwinini walikuwa asilimia 10.9 na kwa atesuneti asilimia 8.5. Tofauti hiyo ilitosha kubadilisha mwongozo wa dunia nzima. Utaona pia kwa nini saa zina thamani: dawa inayozuia seli mpya zisinate haina uwezo mkubwa wa kuzibandua zilizokwisha kunata.

Ndiyo maana nasema neno kuhusu degedege, na nalisema kwa heshima. Wazee walioliita jina hilo, au nyuni kama wanavyosema Wamijikenda, waliuona ugonjwa kwa usahihi: mtoto mwenye homa anakakamaa, macho yanageuka juu, anatetemeka, kisha hazinduki. Tatizo ni ile imani iliyoshikana na jina, kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa, ambayo imewachelewesha wengi majumbani. Ukizungumza na wazee wako, usilipinge jina. Waambie tu kwamba degedege la mtoto mwenye homa ni la kupelekwa hospitali saa ileile, usiku au mchana, na kwamba mafusho na dua haviharamishwi na sindano.

Nimebakiza ile sentensi yako ya mwisho, kwamba kijana "amepona ila amekuwa mzito kidogo kujibu." Hiyo isipite hivihivi. Watoto waliofuatiliwa Kampala baada ya malaria ya ubongo, takriban robo yao walikuwa na upungufu wa kiakili miaka 2 baadaye, hasa katika uwezo wa kutuliza makini, ingawa waliruhusiwa kwenda nyumbani wakionekana wazima. Wengine hupata kifafa miezi au miaka baada ya kupona. Mpeleke akapimwe masikio kwanza, kwa kuwa mtoto asiyesikia vizuri huonekana mzito. Omba apimwe ukuaji wa lugha na akili na mtu anayeshughulika na watoto. Angalia kama kuna nyakati anaduwaa kwa sekunde kadhaa, akatazama pasipo kuona, kisha akaendelea na mchezo kana kwamba hakuna kitu. Ukiona hivyo mrekodi kwa simu umwonyeshe daktari, maana hicho huweza kuwa kifafa kisicho na mtetemeko na kina dawa. Na atakapoanza shule, mwalimu wake ajue alichokipitia, akae mbele, apewe agizo moja moja badala ya matatu kwa mkupuo.